Nani Kakwambia Kajitakia?

   Wadogo zangu, leo nina ugomvi na ndimi zetu.

Panda daladala ya asubuhi uone. Anapanda dada mwenye mwili wake, konda anapaza sauti: "Sogeeni huko nyuma, huyu ni siti mbili!" Gari zima linaangua kicheko. Na yeye mwenyewe anacheka, maana asipocheka ataambiwa hajui utani. Ukishuka kituoni, kuna kijana amejibanza nyuma ya kibanda cha vocha anamalizia kipisi chake. Anapita mtu, anaziba pua, anasonya: "Pesa ya kula huna, ya fegi unayo." Hajamjua jina wala kaamkaje.

Wasomaji wanaoniandikia wanalia kilio hiki hiki kwa sauti tofauti. Wapo kina mama walioacha kwenda kwenye shughuli za ukoo tangu wajifungue, kwa sababu kabla salamu haijaisha shangazi wameshawageuza mbele na nyuma: "Hee, mbona umefumuka hivyo, na mume hasemi kitu?" Wapo mabinti wanaovuta tangu chuo, wakienda zahanati na kikohozi wanaapa kwamba sigara hawajawahi kuigusa. Na wapo wanaoniuliza kutoka upande wa pili: "Dada, sigara inaua, na unene unaleta presha na sukari. Tukisema ukweli, tunakosea wapi?"

Swali hilo ni zuri na nitalijibu. Ila kwanza tuchungulie kichwani mwa msemaji, kwa sababu mara nyingi anayesema "nakujali" anaongozwa na kitu kingine kabisa ambacho hata yeye hakijui.

Huruma yetu ina sharti

Mwaka 1988 mwanasaikolojia wa Marekani, Bernard Weiner, na wenzake waliwapa watu orodha ya hali 10 zinazomfanya mtu anyooshewe kidole. Kulikuwa na upofu, saratani, ugonjwa wa moyo, kupooza miguu, ukimwi, uraibu wa dawa za kulevya, unene uliopitiliza na nyinginezo. Wakawauliza: huyu alaumiwe? Anakutia huruma au hasira? Ungemsaidia? Majibu yakajigawa yenyewe. Kipofu na mgonjwa wa saratani walipata huruma na mkono wa msaada. Mnene na mraibu walipata hasira, na huruma ya kijiko cha chai. Kilichowatenganisha ni wazo moja tu: huyu angeweza kuzuia, yule asingeweza. Na watafiti walipobadilisha maelezo ya chanzo cha tatizo, kwa baadhi ya hali hisia za watu nazo zilibadilika, ingawa tatizo lilikuwa lile lile.

Sisi hatuhitaji maabara ili tuliamini hilo. Kumbukeni miaka ya tisini na ukimwi. Mtoto aliyezaliwa na virusi alililiwa. Aliyeongezewa damu yenye virusi alihurumiwa. Waliobaki wakaambiwa wamejitakia. Virusi ni vile vile, kitanda cha hospitali ni kile kile, lakini machozi yaligawiwa kwa mgao. Matokeo mnayajua: watu walikwepa kupima, walificha dawa, walizikwa na siri zao. Ikafika mahali Kenya mwaka 2006 na Tanzania mwaka 2008 zikatunga sheria zinazokataza kuwabagua wenye virusi. Somo lile lilitugharimu watu wengi, na ndiyo maana nashangaa tunavyolisahau tukimwona mtu mwenye mwili mkubwa au mwenye sigara mkononi.

Kuna mtego mwingine, ambao mwanasaikolojia Lee Ross aliuandikia mwaka 1977. Sisi binadamu, makosa ya mwenzetu tunayaita tabia, ya kwetu tunayaita mazingira. Nikichelewa mimi, ni foleni ya Ubungo. Ukichelewa wewe, ni mzembe. Nikila wali sahani mbili, nilikuwa na njaa. Akila mnene sahani moja, ndiyo maana yuko vile. Hatuoni zamu zake za usiku, hatuoni dawa anazokunywa, hatujui kwao wote wana miili ile. Tunaona tumbo, na kutokana na tumbo tunasoma roho yake yote: mvivu, mlafi, hana msimamo. Eti hizo ni nyama uzembe. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Nyuma ya kejeli kuna woga

Mwaka 1966 Melvin Lerner na Carolyn Simmons waliwaonyesha wanafunzi wa kike wa chuo kikuu mwanamke aliyekuwa akijibu maswali, na kila akikosea alionekana akipigwa shoti ya umeme. Yalikuwa maigizo, lakini watazamaji hawakujua. Ungetegemea kadiri mateso yalivyoendelea ndivyo wangezidi kumhurumia. Ilikuwa kinyume. Waliodhani ataendelea kuteswa na hawawezi kumsaidia ndio walioanza kumshusha thamani na kumwona mtu asiyependeza.

Lerner akasema tunapenda kuamini kwamba dunia ina haki, kwamba kila mtu huvuna alichopanda. Imani hiyo inatuliza. Kama yule kapata presha kwa sababu ni mlafi, basi mimi nisiye mlafi niko salama. Kama jirani kapata saratani ya mapafu kwa sababu alivuta, basi mimi nisiyevuta haitanifika. Mbona watu wakisikia msiba wa saratani ya mapafu swali la kwanza ni "Alikuwa anavuta?" Wanatafuta mlango wa kutokea. Na mlango huo si wa uhakika, maana wapo wengi wanaopata saratani hiyo bila kuvuta sigara hata moja maishani, kisha wanauguzwa huku wakiangaliwa kwa jicho la "sema ukweli wako". Hujafa hujaumbika, wahenga hawakukosea.

Halafu kuna kinyaa. Ubongo wetu uliumbwa kukimbia vitu vinavyonuka na vinavyofanana na maradhi, na kwenye kukimbia huko hauna umakini. Harufu ya moshi kwenye shati, jasho la mtu mnene ndani ya gari lililojaa, vinaamsha kengele ile ile inayolia tukiona chakula kilichochacha. Kinyaa ni hisia ya tumbo, si hukumu ya akili. Shida inaanza pale tumbo linapochafuka kisha mdomo ukatangaza kuwa mwenzako ni mchafu wa tabia.

Hukumu hubadilika na majira

Mkitaka kujua kwamba dharau hizi tumefundishwa, tazameni zilivyobadilika kwa zama na mahali. Mwaka 1861 mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke alifika Karagwe, kwenye himaya ya mfalme Rumanika, mkoa wetu wa Kagera wa leo. Akawakuta wanawake wa ukoo wa kifalme wamenenepeshwa kwa maziwa mpaka kusimama kumekuwa kazi. Unene ndio uliokuwa uzuri, ndio uliokuwa heshima ya mume. Speke akachukua kipimo akampima mmoja wao, akaviandika vipimo hivyo kitabuni. Na pembeni aliandika jambo ambalo mimi hunisimamisha kila nikilikumbuka: binti wa mama yule, wa miaka 16, alikuwa ameketi ananyonya maziwa kwenye chombo, baba yake kashika fimbo ili asiache.

Kwa hiyo msidhani nawarudisha kwenye zama njema. Zamani binti alichapwa anenepe, leo anasimangwa akonde. Kilichobaki pale pale ni kwamba mwili wa mwanamke una wasimamizi wengi kuliko kamati ya harusi.

Hata leo mizani yetu haiko sawa. Kitambi cha mwanaume kwa miaka mingi kimeitwa mambo yamemnyookea. Mwili wa mkewe aliyezaa unaitwa kujiachia. Mzee akiwasha sigara barazani anatafakari. Binti akiwasha ni mhuni, na wengine watamwita jina ambalo sitaliandika hapa. Na bibi zetu walionusa ugoro na kuvuta kiko, je? Hakuna aliyewaita wahuni. Tumbaku ni ile ile.

Huko Marekani nako mambo yaligeuka. Miaka ya 1940 kampuni za sigara zilitangaza biashara kwa picha za madaktari wakivuta. Mwaka 1964 mganga mkuu wa serikali, Luther Terry, akatoa ripoti iliyosema wazi kuwa sigara inasababisha saratani ya mapafu. Wakati ule zaidi ya watu wazima 4 kati ya 10 nchini humo walikuwa wanavuta. Siku hizi ni kama mmoja kati ya 9. Hayo ni mafanikio na nayapigia makofi. Lakini mwanasaikolojia Paul Rozin aliona kitu cha pili kikitokea kimyakimya: kuvuta kulihama kutoka "mimi sipendi" kukaingia "ni uovu". Aliyekuwa na tabia mbaya kwa afya akawa mtu mbaya. Na kwa kuwa wenye elimu na pesa ndio walioacha kwanza, waliobaki na sigara wengi ni watu wa kipato cha chini, na dharau kwa sigara ikaungana na ile ya zamani, dharau kwa maskini.

Kuhusu unene, Christian Crandall na mwenzake walilinganisha wanafunzi wa Marekani na wa Mexico katika utafiti waliouchapisha mwaka 1996. Wamarekani ndio waliokuwa na chuki zaidi, na chuki yao ilifungwa na imani kwamba mnene hana utashi. Wamexico hawakuwa na fundo hilo. Maana yake jamii inaweza kuona mwili mkubwa bila kumhukumu mwenye nao. Chuki hii haitoki tumboni mwa mama.

Lakini inaanza mapema mno. Mwaka 1961 watafiti waliwaonyesha watoto wa Marekani wa miaka 10 na 11 picha sita: mtoto asiye na ulemavu, wa magongo, wa kiti cha magurudumu, asiye na mkono, mwenye kovu usoni, na mtoto mnene. Wapangeni, mnampenda nani zaidi? Mnene akawa wa mwisho. Utafiti uliporudiwa na kuchapishwa mwaka 2003, akawa wa mwisho tena, na safari hii alipendwa hata chini ya mwanzo. Na watafiti wa Harvard waliochambua mamilioni ya majaribio ya hisia zilizojificha, ya mwaka 2007 hadi 2016, waliona upendeleo wa rangi ukipungua lakini ule wa kuwachukia wanene kwa siri ukizidi. Sasa wewe mama unayemwita mwanao "bonge" mbele ya wageni, jua wenzake wanasikia na wanajifunza.

Je, kweli anajitakia?

Shirika la Afya Duniani linasema idadi ya watu wazima wenye unene uliopitiliza imezidi mara mbili tangu mwaka 1990, na mwaka 2022 watu zaidi ya bilioni moja, watoto kwa wakubwa, waliishi na hali hiyo. Niambieni, wanadamu wote walipoteza nidhamu kwa mpigo? Au ndio kipindi ambacho soda ikawa rahisi kuliko matunda, chipsi zikafika kila kona, kazi zikawa za kukaa, na barabara zikajengwa bila njia ya mtembea kwa miguu?

Juu ya hayo kuna damu. Mwaka 1986 Albert Stunkard na wenzake walichunguza watu wazima 540 wa Denmark waliolelewa na wazazi wasiowazaa. Miili yao ilifanana na ya wazazi waliowazaa, siyo ya waliowapikia. Mwaka 1994 Jeffrey Friedman na wenzake wakagundua leptini, homoni inayotoka kwenye mafuta yenyewe kwenda kuuarifu ubongo kuna akiba kiasi gani. Ukipungua mwili, taarifa hizo hushuka, na ubongo unajibu kwa kuongeza njaa na kubana matumizi. Watafiti wa Marekani waliwafuatilia washiriki 14 wa shindano la televisheni la kupunguza mwili, na matokeo yakachapishwa mwaka 2016: miaka sita baada ya shindano karibu wote walikuwa wamerudisha uzito, na miili yao ilichoma takribani kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa kwa watu wa ukubwa wao. Walikuwa na utashi wa kutosha kuonyeshwa kwenye televisheni. Na kuna dawa zinazoongeza mwili pia, kama baadhi ya dawa za magonjwa ya akili, za jamii ya steroidi, na kwa baadhi ya wanawake sindano ya uzazi wa mpango. (Usiache dawa kwa sababu hiyo, zungumza na daktari wako.)

Sigara nayo ina ujanja wake. Nikotini inafika kwenye ubongo ndani ya sekunde chache baada ya kuvuta, na ubongo unaanza kuidai. Marekani, karibu wavutaji 9 kati ya 10 wa kila siku walionja kabla ya kutimiza miaka 18. Huku kwetu duka linauza sigara mojamoja, na mtoto wa shule ana sarafu ya moja. Kwa hiyo unayemwona leo na miaka 40 ameshika sigara, huenda uamuzi wake aliufanya akiwa mtoto. Na wengi wanataka kuacha. Shirika la Afya Duniani linasema majaribio ya kuacha bila msaada wowote yanafanikiwa kwa asilimia 4 hivi.

Sisemi mtu hana lolote la kufanya. Analo, na watu huacha sigara na hupunguza mwili. Nasema kazi hiyo ni nzito kuliko unavyoiona ukiwa pembeni umekula ukashiba, huna hamu ya sigara na kwenu wote ni wembamba.

Kwani aibu haitibu?

Hapa ndipo penye swali la wale wanaotaka "kusema ukweli". Hawako peke yao. Mwaka 2013 msomi wa maadili ya tiba wa Marekani, Daniel Callahan, aliandika kwamba jamii iwatie wanene aibu kidogo, kwa sababu yeye mwenyewe alipokuwa mvutaji, kuaibishwa kulimsukuma aache sigara sawa na hofu ya ugonjwa. Hoja yake naiheshimu, kisha naikataa.

Kwanza, sigara unaweza kuizima ukaiacha nje ya mlango, mwili unaingia nao. Aliyeaibishwa kwa sigara anajua hatua moja ya kutoka kwenye aibu. Aliyeaibishwa kwa unene, hata akianza leo, ataibeba aibu hiyo miezi na miaka, na bado lazima ale ili aishi. Pili, tuangalie yanayotokea. Watafiti wa chuo kikuu cha UCL, London, waliwafuatilia watu wazima 2,944 nchini Uingereza kwa miaka minne, wakatoa ripoti mwaka 2014. Waliosema wamebaguliwa kwa ajili ya uzito waliongezeka kwa wastani wa karibu kilo moja. Ambao hawakubaguliwa walipungua kwa kama gramu 700. Kama masimango yangekuwa dawa, hesabu ingekuwa kinyume.

Sababu haina uchawi. Aliyechekwa akifanya mazoezi barabarani harudi barabarani. Aliyesimangwa mezani anakula kidogo mbele za watu na sana peke yake, maana chakula ndicho rafiki asiyemcheka. Aliyeambiwa "punguza mwili" kabla goti lake halijashikwa haendi tena kliniki mpaka hali iwe mbaya. Na mvutaji anayeogopa kuhukumiwa anamdanganya daktari, kama mabinti wangu wale wa kikohozi. Daktari anatibu mafua huku ugonjwa mwenyewe unaendelea kujenga nyumba.

Mtasema, mbona sigara imepungua huko ilikopungua? Ilipungua kwa kodi, kwa kupiga marufuku matangazo, kwa kuzuia kuvuta kwenye majengo na vyombo vya usafiri, na kwa kuwasaidia wanaotaka kuacha. Tanzania ina sheria yake ya bidhaa za tumbaku tangu mwaka 2003, Kenya tangu 2007, Uganda tangu 2015. Na hapa nawapa haki yenu wasiovuta: moshi wa mwenzio unaua watu zaidi ya milioni moja kila mwaka duniani ambao hawavuti. Una haki ya kusema "Kaka, naomba ukavutie nje, kuna mtoto humu." Hiyo ni mipaka na inahusu moshi. "Wewe ni mtu wa hovyo" ni dharau na inahusu mtu. Mnene, kwa upande wake, unene wake hauingii mapafuni mwako, kwa hiyo hata hoja hiyo huna.

Kwa wewe unayesemwa

Mdogo wangu, usijifunze kucheka maneno yanayokuumiza ili uonekane unajua utani. Huna haja ya kugombana pia. Kwa watu wazima kwenye ukoo tumia heshima na ufunge mlango: "Shangazi, mwili wangu ni mzima, namshukuru Mungu. Vipi miguu yako siku hizi?" Utashangaa anavyohamia kwenye miguu yake. Akirudia, mfuate faragha: "Shangazi, ukinisema mbele za watu naumia. Nakuomba tuachane na habari hiyo." Wengi hukoma, kwa sababu hawakujua. Wengine kweli kwao "umenenepa" ni salamu ya kheri, hasa waliopitia miaka ambayo kukonda kulimaanisha jambo la kutisha, kwa hiyo kabla hujakasirika pima nia ya msemaji.

Kwa daktari usione haya. Ukiambiwa tu "punguza", uliza kwa upole: "Mtu mwembamba akija na goti kama hili ungempima nini? Naomba nipimwe hicho." Nenda kapime presha na sukari yako hata kama unajisikia vizuri, kwa sababu afya yako ni yako na haisubiri uwe na umbo la kupendeza watu. Tembea, kula mboga, lala, kwa faida ya moyo wako, mizani iseme isiseme.

Nawe unayevuta, mwambie daktari kweli, unavuta ngapi na tangu lini. Uliza kama kuna vibandiko au dawa za kusaidia kuacha, na ushauri nasaha. Ukiacha ukarudia, hujashindwa. Wengi walioacha moja kwa moja walijaribu mara kadhaa kwanza. Usivute karibu na watoto na wajawazito, hapo sina mjadala nawe.

Na kubwa kuliko yote, chunga sauti ya ndani. Mtu akisimangwa sana huanza kujisimanga mwenyewe, tena kwa ukali kuliko konda. Binti mnene anakubali mchumba asiyemheshimu kwa sababu anaona hana cha kuchagua. Mvutaji anajiambia "mimi nimeshaharibika, niache ili iweje". Hayo si maneno yako, umekopeshwa na watu. Warudishie.

Kwa wewe unayesema

Kabla hujafungua mdomo, kumbuka jambo moja: hakuna mnene asiyejua kuwa ni mnene, na hakuna mvutaji asiyejua kuwa sigara ina madhara, pakiti imemwandikia. Kwa hiyo unachokipeleka si habari mpya. Ni nini basi? Kama ni msaada, mpe kwa vitendo. Mwambie "Twende tutembee jioni, nachoka kutembea peke yangu." Mume, ukitaka mkeo apungue, shika mtoto saa moja apate nafasi ya mazoezi, halafu kula naye mboga hizo hizo, siyo yeye tango wewe kitimoto. Rafiki akisema ameacha sigara, usimvizie aanguke. Mpigie siku ya tatu, mwulize anaendeleaje, maana siku za mwanzo ndizo ngumu.

Walimu, mwajiri, konda, muuza nguo, wahudumu wa afya, nanyi nawagusa. Mwenye duka, kama saizi yake huna sema huna, usimwangalie kuanzia juu hadi chini. Mwajiri, mpime mtu kwa kazi yake. Mhudumu wa afya, mwulize mgonjwa kwanza, "Unaniruhusu tuzungumzie uzito wako?" Akisema siyo leo, tibu kilichomleta.

Wiki hii nawapa kazi. Mkiwa kwenye shughuli, kwenye gari au ofisini, mtu akianza kumcheka mnene au kumtemea mate mvutaji, usicheke. Hata usipotetea, nyima kicheko chako. Utani usiochekwa haurudiwi. Na wewe uliyekuwa ukisubiri upungue ndipo uende kwenye harusi ya mdogo wako, vaa gauni lako Jumamosi uende.